Muhuri wa mhandisi na saa 15 za darasani

Mhandisi akishafaulu mitihani na kukabidhiwa muhuri wa kuidhinishia michoro, je, arudishwe darasani kwa lazima ili leseni yake ihuishwe? Jimbo la Iowa, nchini Marekani, lilikubali mapema, na majimbo mengi yakafuata. Kiwango kilichozoeleka huko ni saa 15 za mafunzo kwa mwaka. New York inadai saa 36 kila miaka 3. California haijaweka sharti la saa.

Wanaolitetea sharti wana hoja nzito. Baada ya tetemeko la Northridge, Januari 1994, wakaguzi walikuta nyufa kwenye maungio ya kuchomelea ya majengo ya fremu za chuma, maungio yaliyoaminika na kufuata kanuni za wakati huo. Aliyepata leseni miaka kumi kabla alikuwa amefundishwa kitu kisichofaa tena, na mteja hana namna ya kujua kama mhandisi wake amezisoma kanuni mpya. Hilo silipingi. Ila Northridge iko California, na wahandisi wa huko walijifunza upya bila bodi ya leseni kuwahesabia saa.

Maafa nayo husimulia kingine. Mwaka 1981, Kansas City, madaraja ya ndani ya hoteli ya Hyatt Regency yalianguka na kuua watu 114. Fimbo ndefu ya kuyaning'iniza ilikuwa imebadilishwa kuwa fimbo mbili, na kiungo cha juu kikajikuta kinabeba mzigo maradufu. Hesabu hiyo mwanafunzi anaiweza. Hakuna aliyeketi kuipiga. Kule Elliot Lake, Ontario, nchini Kanada, paa la jengo la maduka liliporomoka mwaka 2012, watu 2 wakafa. Maji yenye chumvi yalikuwa yamekula chuma kwa miaka mingi, na wiki chache kabla mhandisi alikuwa amelikagua jengo na kulipitisha. Ripoti yake ikarekebishwa kwa ombi la mwenye jengo. Tume ya uchunguzi ilipendekeza, pamoja na mengine, mafunzo ya lazima. Sioni somo la saa moja linalompa mtu uthubutu wa kumkatalia anayemlipa.

Kisha saa zenyewe hupima kukaa tu. Mtu huwasha video, huenda kunywa chai, hurudi kujibu maswali anayoruhusiwa kuyarudia mpaka afaulu. Wauza vyeti wanaijua biashara hiyo. Anayejitegemea hulipa mfukoni mwake na kupoteza siku ya kazi.

Hata hivyo nisingelifuta sharti, kwa sababu moja isiyosemwa sana: linamlinda mhandisi kijana aliyeajiriwa. Bajeti ikibana, mafunzo ndiyo hukatwa kwanza. Akiweza kumwambia bosi kwamba asipohudhuria leseni yake inakwisha, ruhusa hupatikana.

Kinachopaswa kubadilika ni kinachohesabiwa. Kila mhandisi apewe ripoti ya kitu kilichoanguka katika fani yake, aisome, kisha aandike kurasa mbili: ni michoro gani yangu yenye kasoro kama hii, na nimeifanyia nini? Mhandisi mwingine azisome na kumhoji. Bodi zitasema hazina wasomaji wa kutosha. Wapo, ni hao hao wenye leseni, na saa ya kuikosoa kazi ya mwenzako ihesabiwe kuwa saa ya mafunzo.