Siri ya mkonge si mizizi

Makala inasema mkonge unastahimili ukame kwa sababu ya mizizi mirefu. Hapana, ndugu mwandishi. Mizizi yake mingi iko karibu na uso wa ardhi. Kinachouokoa ni ngozi ya jani. Seli za nje zimebanana bila kuacha nafasi, na juu yake kuna tabaka nene la nta linalozuia maji yasipotee. Hewa hupita kwenye vitundu, yaani stomata, kila kimoja kikilindwa na seli mbili: zikijaa maji kinafunguka, zikinywea kinajifunga. Mimea mingi hufungua mchana. Mkonge hufungua usiku, joto likipungua, ukavuta kabonidayoksaidi na kuihifadhi kama asidi hadi jua litoke! Tafadhali rekebisheni, wanafunzi wanasoma hapa.