Virekodi joto vya samaki: tuunde Malindi au tuagize?

Mwenye chumba cha baridi cha samaki Malindi anataka kujua jambo moja: umeme ulipokatika usiku, joto mle ndani lilipanda hadi wapi, na lilikaa hapo kwa muda gani? Kifaa cha kumjibu si kigumu kuunda. Maikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja) kama ESP32, sensa ya DS18B20 ya kupima joto, kadi ya kumbukumbu na betri vinatosha. Kilicho kigumu ni kukifanya kimlishe aliyekiunda.

Wanaosema tuagize tu wana hoja nzito. Virekodi joto vilivyo tayari hutoka China kwa bei ambayo karakana ya watu wawili haiiwezi. Kiwanda hununua chipu kwa maelfu. Wewe unaagiza sensa chache, unalipia usafiri, ushuru na VAT ya 16%, halafu baadhi zinatokea kuwa bandia, maana DS18B20 imeigizwa mno. Ukitaka kifaa kitume data kwa redio, lazima upate kwanza idhini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Mzigo huo ni mwepesi kwa anayeuza elfu kumi, si kwa anayeuza kumi.

Lakini bei haielezi yote. Fungua kifaa kilichokaa muda mrefu karibu na ufuo: shaba imeota kutu ya kijani, ncha za betri zimelika. Tena hakifi ghafla. Chumvi ikishika unyevu hupitisha umeme kidogo kidogo pasipotakiwa, kipimo kikaanza kupotoka huku kioo kikiendelea kuonyesha namba kana kwamba hakuna kitu. Fundi wa hapa anaijua hewa hii. Atapaka bodi ya saketi vanishi ya kukinga unyevu, ataelekeza tundu la waya chini, na kikiharibika atafika siku hiyohiyo. Wenye mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni wanahitaji fundi wa namna hiyo pia.

Kwa hiyo naegemea upande wa kuunda, ila kinachouzwa kiwe kipimo cha kuaminika, bodi iwe chombo tu. Hapa ndipo wengi wanapopita haraka. Mtengenezaji wa DS18B20 anaahidi kosa lisilozidi nusu digrii kati ya -10 na 85. Friza ya -18 iko nje ya ahadi hiyo! Samaki wa kwenye barafu, sawa: ponda barafu ya maji safi, changanya na maji kidogo, koroga, tumbukiza sensa, isome sifuri. Kwa friza, jaribio hilo halitoshi. Tumia sensa ya platinamu, uilinganishe na kipimajoto kilichokaguliwa na KEBS, shirika la viwango la Kenya.

Kubuni bodi mpya kabisa kunaweza kusubiri. Wateja wa mwanzo wahudumiwe kwa moduli (vipande vya saketi) zilizo tayari, maana kila kosa la mchoro wa bodi ni oda nyingine na kungoja upya. Udhaifu unaobaki ni soko: Malindi peke yake ni ndogo, itabidi kufika Kilifi, Mombasa na Lamu, na nauli hizo ziingizwe kwenye bei tangu mwanzo. Ningeanza na mkataba wa matengenezo kabla ya mchoro wa saketi: ada ya kila mwezi, ukaguzi wa sensa kila miezi mitatu, na jina la anayepokea simu umeme ukikatika usiku wa manane.