Chambo au rapala? Kabla hujabadilisha, angalia ndoana kwanza

Siku hizi ukipanda boti ya kuvua sulisuli pale Watamu, pwani ya Kenya, na ndoo yako ya chambo hakosi mtu wa kukwambia uachane na mambo ya zamani, tumia rapala, yaani kile chambo bandia cha umbo la samaki. Hoja yenyewe sio ya kubeza. Sulisuli wengi wanaovuliwa kwa burudani upande ule wanapigwa alama na kuachiwa, shirika la African Billfish Foundation wapo hapo hapo Watamu na kazi yao kubwa ndio hiyo, sasa kama samaki anatakiwa kurudi baharini akiwa mzima kwa nini umpe kitu atakachokimeza? Rapala hawezi kuimeza, anaing'ata tu, akigundua ni plastiki anaitema, kwa hiyo ndoana mara nyingi inamkamata mdomoni.

Na kweli kaskazi ikitulia, maji safi, chambo bandia kinafanya kazi nzuri sana. Boti inarambaza kwa mwendo wa noti 7 au 8 (maili za baharini kwa saa), unapita eneo kubwa kwa muda mfupi, nguru na jodari wanakifukuza kwa macho, huna haja ya kununua ngisi asubuhi wala hakuna visamaki vya kukudonolea. Hapo sina ubishi.

Ila mimi naona chambo kinasingiziwa, kinabebeshwa kosa la ndoana.

Kuna utafiti uliochapishwa 2002, watafiti wakina Eric Prince waliangalia sulisuli waliovuliwa kwa chambo huko Guatemala, wakalinganisha ndoana ya kawaida yenye umbo la J na ile ya duara, ambayo ncha yake imegeukia ndani. Kwa ndoana ya J, asilimia 46 ya samaki walinasa ndani, kooni au tumboni. Kwa ya duara ni asilimia 2. Hebu zitazame hizo namba vizuri, manake samaki ni yule yule na wote walikuja kwenye chambo, hakuna aliyepewa plastiki. Kilichobadilika ni kile chuma. Karibu nusu ya samaki kwa upande mmoja, na wawili tu katika kila mia kwa upande wa pili! Sasa mtu anayesema chambo ndio kinaua sulisuli anieleze hao wengine walisalimika vipi. Hata Marekani kwenye mashindano ya kuvua sulisuli na marlin Bahari ya Atlantiki hawakupiga marufuku chambo, walichosema ni ukitumia chambo halisi lazima ndoana iwe ya duara. Na rapala nyingi zinakuja na ndoana za ncha tatu, mbili au tatu kwa mpigo, zikimkosa mdomo zinamshika jichoni au kwenye matamvua, na kuzichomoa samaki akiwa anapiga piga pembeni ya boti ni kazi ambayo mkono wako pia unaweza kulipia.

Halafu kuna suala la maji. Mto Sabaki ukijaa unamwaga tope jekundu baharini, na kaskazi ndio inalisukuma kuja kusini upande wa Malindi, sasa kwenye maji kama hayo rapala ataionaje? Chambo kina harufu, ukanda wa tumbo la jodari unaacha mafuta kwenye maji na samaki anaufuata hata kama haoni vizuri. Jioni giza likianza kuingia ni hivyo hivyo. Kwa hiyo kubadilisha kuna sababu zake, angalia rangi ya maji na mwanga, usibadilishe kwa vile umechoka kusubiri.

Kitu ambacho watu hawakisemi ni kwamba ukibadilisha chambo lazima ubadilishe na mkono. Kwa rapala samaki akigonga, mshipi unatakiwa uwe umekaza na umshtue pale pale kabla hajatema. Kwa chambo na ndoana ya duara ukishtua umeharibu, unamchomolea mdomoni. Unalegeza rili, unamwachia mshipi aende nao kidogo, kisha unakaza taratibu na ndoana inateleza yenyewe mpaka kwenye kona ya mdomo. Mtu ametoka kwenye rapala asubuhi nzima, anawekewa chambo, sulisuli anakuja, anashtua kwa mazoea, anamkosa, ndio unasikia ndoana ya duara haifai. Mabaharia wazuri wanatumia vyote viwili kwa pamoja, wanaburuta vivutio visivyo na ndoana kabisa, sulisuli akipanda juu wanavivuta ndani haraka na kumrushia chambo, hapo mkono wa aliyeshika fimbo ndio unaamua.

Kwa wanaovulia mwambani nakubali rapala ina shida ya kunasa kwenye matumbawe na kubaki huko na plastiki yake, lakini na sisi wa chambo tunaacha mishipi na machubwi, hapo hakuna wa kumcheka mwenzake.

Moja la kuangalia kabla hujanunua: sio kila inayouzwa kama ya duara inafanya kazi hiyo. Utafiti ule ule ulionyesha ndoana ya duara ambayo ncha yake imepindwa sana pembeni inanasa ndani karibu sawa na ya J. Ilaze juu ya meza, ikilala bapa yote chukua, ncha ikiinuka irudishie muuzaji.