id Software: je, injini ndiyo iliyoiponza Quake?

Kuna lawama iliyoiandama id Software, studio ya Marekani iliyotengeneza gemu za Doom na Quake, tangu miaka ya 1990: kwamba waliitukuza injini (programu ya msingi inayoiendesha gemu), gemu yenyewe ikaachwa ifuate nyuma. Lawama hiyo ina ukweli, lakini haigusi penye ugonjwa.

Studio ilianzishwa Februari 1991 na John Carmack, John Romero, Tom Hall na Adrian Carmack, waliokuwa wakifanya kazi Softdisk, kampuni ya programu huko Louisiana. Doom ilipotoka Desemba 1993, kila mtu alizungumzia kasi yake. Jambo kubwa zaidi lilikuwa mgawanyo wa kazi. Mbunifu alichora mistari na sekta (maeneo yaliyozungukwa na mistari hiyo), akaipa kila sekta kimo cha sakafu na dari. Programu ya pembeni ikaikata ramani kuwa mti wa BSP, yaani mpangilio wa vipande vya ramani unaoiambia injini ukuta upi uko mbele ya upi. Mchoro wa mbunifu ulikuwa kitu kimoja, data ya injini kitu kingine. Hata hivyo kuna aliyeumia: Hall, ambaye hadithi yake ndefu ya Doom iliwekwa kando, aliondoka Agosti 1993.

Kwenye Quake mambo yalikuwa magumu zaidi. Vyumba juu ya vyumba, maadui wa poligoni (miili ya 3D iliyojengwa kwa pembetatu), kucheza kupitia intaneti: vyote vilitakiwa kwa mpigo. Ramani ilipita kwenye programu tatu, moja baada ya nyingine. Qbsp iliikata, light ikapiga hesabu ya mwanga, vis ikaorodhesha kutoka kila sehemu panaonekana wapi. Vis ingeweza kula saa nyingi, na ukuta ukiwa na tundu moja tu linalotokea nje ya ramani, haikufanya kazi kabisa. Ili picha zinazobandikwa kwenye kuta zisipinde, injini ilifanya hesabu ya kugawanya mara moja kwa kila pikseli 16, Pentium, chipu ya kompyuta ya wakati huo, ikiendelea kupaka rangi huku jibu likisubiriwa. Huo ni ustadi wa hali ya juu. Lakini wabunifu walikuwa wakijenga juu ya msingi unaohama, yaani injini iliyokuwa bado ikibadilika. Ramani zikatupwa, na mwishoni mwa 1995 wazo la awali la kupigana kwa nyundo likaachwa, wakarudi kwenye bunduki. Quake ilitoka Juni 1996. Romero akaondoka mwaka huohuo.

Wanaolaumu injini huishia hapo, na ndipo wanapokosea. Romero alianzisha Ion Storm, iliyotangaza kwamba ubunifu ndio sheria. Walichukua leseni ya injini ya Quake iliyokwisha kukamilika, gemu yao Daikatana ikapangiwa Krismasi 1997. Walipoiona Quake II wakaamua kuhamia injini yake, iliyotofautiana mno na ile ya kwanza, na gemu ikatoka 2000. Kumbe hata wanaotanguliza ubunifu huangushwa na msingi uleule unaohama. Valve, studio nyingine, nao walichukua injini ya Quake. Mwaka 1997 waliifumua Half-Life na kuisuka upya, lakini hawakuhamia injini nyingine, na Novemba 1998 gemu ikawa madukani.

Hoja moja ya walalamikaji inabaki imesimama: watu. Quake iliwachosha kupita kiasi. Michael Abrash, aliyeiandika injini hiyo pamoja na John Carmack, aliondoka, na Sandy Petersen, mmoja wa wabunifu wa ramani zake, akaondoka 1997. Injini hupatikana kwa leseni; mtu wa aina hiyo hapatikani hivyo.