Kisanduku cha bei nafuu kwa seva ya filamu nyumbani: nani afungue faili?

Katika maduka ya elektroniki ya katikati ya jiji la Mwanza, mteja anayetafuta kisanduku cha Android cha kuunganisha na runinga huulizwa mambo mawili: anataka cha GB ngapi, na ana shilingi ngapi. Kwa anayetaka YouTube pekee, maswali hayo yanaweza kutosha. Kwa mwenye seva nyumbani, yaani kompyuta iliyobeba filamu, video za harusi, muziki na masomo ya watoto na kuvisambaza kwenye runinga na simu za nyumba nzima kupitia ruta, swali la kwanza ni jingine: faili likitoka kwenye seva, atakayelifungua ni nani, kisanduku au seva yenyewe? Jibu lake ndilo linaloamua kama kisanduku cha bei ya chini ni akiba au ni gharama iliyoahirishwa.

Sababu za kuwa na seva ya namna hiyo si ngumu kuziona huku Kanda ya Ziwa. Netflix yenyewe hukadiria kwamba saa moja ya picha ya HD hutumia hadi GB 3, na saa moja ya picha ya 4K hadi GB 7, kiasi ambacho humaliza bando la wiki kwa jioni moja. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilidhoofika Tanzania nzima kwa siku kadhaa, lakini aliyekuwa na filamu zake ndani ya nyumba aliendelea kutazama kama kawaida, kwa sababu mawasiliano kati ya seva na runinga hayatoki nje ya ruta.

Video yoyote iliyohifadhiwa imekandamizwa kwa kodeki fulani, yaani mbinu ya kubana video na kuifungua tena. H.264, iliyotoka mwaka 2003, hufunguliwa na karibu kila kifaa kilichopo sokoni, H.265 ya mwaka 2013 hupunguza ukubwa wa faili hadi karibu nusu kwa ubora uleule, na ndiyo iliyojaa kwenye filamu nyingi za sasa. AV1 ya mwaka 2018 bado inaingia taratibu. Kisanduku kikiijua kodeki ya faili, seva hufanya kazi ndogo sana ya kulituma lilivyo. Kisipoijua, programu ya seva, iwe Jellyfin au Plex, hulazimika kuligeuza faili kuwa kodeki nyingine papo hapo huku filamu ikiendelea, na kazi hiyo huielemea kompyuta ya zamani hadi picha ikawa inakwama kila baada ya sekunde chache. Hata manukuu yanaweza kuleta balaa hilo: yale ya maandishi ya kawaida hayana tatizo, ila yale yaliyohifadhiwa kama picha mara nyingi huilazimu seva kuyachoma ndani ya video na kuigeuza yote.

Hapo ndipo suala linapofika kwenye LUKU, na hapa naomba msomaji avumilie hesabu. Kompyuta ya mezani ya mtumba inayokula wati 60 ikiwashwa usiku na mchana humaliza takribani uniti 43 kwa mwezi. Kompyuta mpakato ya mtumba inayotumia wati 15 hivi humaliza uniti 11, na kompyuta ndogo ya aina ya Raspberry Pi yenye wati 5 haifiki uniti 4. Kaya iliyo kwenye kundi la watumiaji wadogo wa umeme ina kikomo cha uniti 75 kwa mwezi ili iendelee kupata bei ya chini, kwa hiyo kompyuta ya mezani pekee itakuwa imekula zaidi ya nusu ya kikomo hicho kabla friji na pasi havijahesabiwa. Anayenunua kisanduku dhaifu, kisha akalazimika kutafuta seva yenye nguvu ya kukifidia, ataendelea kulipia tofauti ya bei hiyo kila mwezi kupitia umeme. Mpakato una faida nyingine ambayo sisi tunaokatikiwa umeme tunaijua thamani yake: betri yake, ikiwa bado nzima, huiokoa diski isizimike ghafla katikati ya kuandika data.

Pamoja na hayo, visanduku vya bei ya chini visivyo na jina la maana si vya kudharauliwa kijuujuu. Vingi vina tundu la waya wa mtandao, matundu mawili au zaidi ya USB na nafasi ya kadi ya kumbukumbu, vitu ambavyo baadhi ya vifaa vya kampuni kubwa havina. Vingi pia vina tundu la AV la nyaya nyekundu, nyeupe na njano, na kwa familia ya Buhongwa au Igoma ambayo bado inatumia TV ya chogo isiyo na HDMI, tundu hilo ndilo linaloamua kila kitu. Chipu za Amlogic zilizomo katika baadhi yake hufungua H.265 bila shida. Kwa anayetazama faili zake mwenyewe kupitia Kodi, programu ya kuchezea video, upungufu mkubwa wa visanduku hivi, yaani kutokuwa na kibali cha kuonyesha Netflix kwa ubora wa HD, haumgusi hata kidogo.

Kasoro inayonitia hofu ni nyingine, na nadhani haisemwi vya kutosha pale kaunta. Mnamo Januari 2023 mtafiti mmoja alionyesha hadharani kwamba kisanduku cha T95 alichokinunua mtandaoni kilikuja na programu hasidi ndani ya mfumo wenyewe, kikiwa hakijawahi kutumiwa. Baadaye mtandao wa vifaa vya namna hiyo ulipewa jina la BADBOX, na toleo lake la pili, lililofichuliwa mwaka 2025 na kampuni ya usalama ya HUMAN, liligusa modeli kadhaa zenye jina la X96. FBI ilitoa tahadhari Juni mwaka huohuo, na mwezi uliofuata Google iliwashtaki waendeshaji wake mahakamani ikisema vifaa vilivyoathirika vimezidi milioni 10. Kisanduku cha namna hiyo hubofya matangazo kwa siri na kukodisha laini yako ya intaneti kwa watu wasiojulikana, na bando linalotumika ni lako. Tena kinakaa kwenye Wi-Fi ileile ambayo simu za nyumbani hutumia kutuma na kupokea pesa. Kufuta kila kitu na kukirudisha kiwandani hakusaidii, kwa kuwa ubovu uko kwenye mfumo kilichokuja nao.

Upande wa pili kuna vifaa vilivyothibitishwa na Google, kama visanduku vya Xiaomi. Hivi hupata masasisho, programu za Jellyfin na Plex hupatikana moja kwa moja kwenye duka la Google Play, na Netflix hucheza kwa ubora kamili kwa anayeilipia. Lakini bei yake ni ya juu, nafasi ya ndani mara nyingi ni GB 8 tu, na Xiaomi TV Box S haina tundu la waya wa mtandao, jambo linalomwacha mtumiaji akitegemea Wi-Fi katika nyumba za tofali nene ambamo mawimbi ya 5 GHz hufifia baada ya kuta mbili. Chromecast, iliyopendwa kwa unafuu, Google iliacha kuizalisha mwaka 2024 na kuweka mahali pake kifaa cha dola 100 za Marekani. Kinachobaki madukani ni masalio au vya mtumba.

Wapo wanaotetea njia ya kati: kununua kisanduku cha Amlogic cha bei ya chini, kisha kukiwasha kwa CoreELEC, mfumo mdogo wa kuendeshea Kodi, kutoka kwenye kadi ya kumbukumbu, bila kuigusa Android iliyokuja nacho. Ni njia nzuri, na kwa fundi au mwanafunzi wa kompyuta ningeipendekeza bila kusita. Tatizo ni kwamba kibandiko cha nje hakiaminiki. Boksi linaweza kuandikwa Amlogic na ndani mkawa na chipu ya Rockchip au Allwinner, ambazo CoreELEC haizikubali. Zaidi ya hayo, siku mtoto akichomoa kadi, kisanduku kitarudi kwenye Android yake na kuingia mtandaoni. Anayefuata njia hii akizuie pia kwenye ruta kisitoke nje ya nyumba. Kwa kuwa faili zote ziko ndani, hatapoteza kitu.

Kwa nyumba ya kawaida yenye runinga ya HDMI, uamuzi wangu ni kulipia kisanduku kilichothibitishwa na kubana matumizi kwenye seva. Mpakato wa mtumba wenye prosesa ya Intel ya kizazi cha saba au zaidi, ukiwa na Jellyfin ambayo ni ya bure, unatosha, kwa sababu kizazi hicho hufungua H.265 ya biti 10 (yenye viwango vingi zaidi vya rangi) kwa chipu yake ya picha pale itakapobidi kugeuza faili. Plex ni rahisi zaidi kuipanga, ila hutoza ada kwa kipengele hichohicho cha kutumia chipu ya picha. Mwenye TV ya chogo sioni sababu ya kumsukuma kwenye gharama za kifaa kikubwa pamoja na kigeuzi cha HDMI. Achukue cha bei ya chini na kukizuia kwenye ruta.

Kabla ya kulipa, nenda dukani na flashi yenye faili tatu: moja ya H.264, moja ya H.265 ya biti 10, na moja yenye sauti ya DTS, aina ya sauti ya sinema. Omba kisanduku kiwashwe, kila faili lichezwe kwa dakika chache, kisha uruke mbele na kurudi nyuma. Picha ikikwama hapo, ikiwa inasomwa kutoka kwenye flashi isiyopita mtandaoni, haitanyooka nyumbani. Muuzaji akikataa kukiwasha, nenda duka la jirani.