Farasi wa Kasparov aligeuka kingi wa drafti

Jamani wacha niwape hii mcheke, mimi nimeshalia vya kutosha.

Mtaani kwetu Temeke kuna kijiwe cha drafti chini ya mwarobaini, wazee wanafika asubuhi wanaondoka magharibi, kete zao visoda, mmoja anavilaza chali mwingine anavifudikiza, mchezo umeanza. Mimi ndo kijana pekee pale anaejifanya kujua chesi. Sasa siku hiyo sijui nilikula nini, nikaropoka kwamba drafti ni ya kusogezea muda tu, wenye akili wanacheza chesi. Kimya. Hadi muuza kahawa akaacha kugonga vikombe vyake. Babu, ambae ndo bingwa wa kijiwe miaka nenda rudi, akanambia taratibu, "Haya mjukuu wangu, tuonyeshe hiyo akili."

Nikasema nawaonyesha gemu moja tu, ya magwiji wa chesi Kasparov na Topalov, Wijk aan Zee kule Uholanzi, Januari 1999, na asieinuka kwenye benchi kwa mshangao namnunulia kahawa na kashata. Watu kumi na moja pale. Sikuhesabu kabla ya kuongea.

Nikakimbia nyumbani kuleta ubao. Seti yangu ina upungufu kidogo, farasi mweupe mmoja mdogo wangu alimtumbukiza chooni zamani, kwa hiyo nafasi yake nimeweka kisoda nilichokipaka Tip-Ex. Simu haina chaji ila sikujali, hiyo gemu naijua kichwani kama Fatiha.

Nikaanza kwa mbwembwe. Kasparov huyu hapa ana miaka 35, namba moja duniani, Topalov kijana wa Bulgaria ana 23, anacheza weusi. Hatua za mwanzo nikazipitisha haraka, nikaja kutulia kwa farasi, yaani kile kisoda, kwa sababu safari yake ndo utamu wenyewe (kila nyumba ya ubao ina jina lake, herufi na namba): kutoka g1 kaenda e2, karudi c1, katokea b3, halafu hatua ya 18 kaenda kukaa a5, ukingoni kabisa mwa ubao, kama mtu aliekuja harusini akakaa karibu na mlango. Babu akauliza huyo anafanya nini kule pembeni, nikamwambia Babu subiri, huyo ndo mchawi wa shughuli yote. (Mkumbuke hayo maneno.)

Tukafika hatua ya 24. Topalov kamleta malkia wake d6, anataka malkia wabadilishane mambo yapoe. Kasparov hataki kupoa. Anachukua ngome yake anakula askari wa d4, ngome nzima, mahali ambapo askari mweusi anaweza kuila bure! Hapa nikasimama kabisa, nikaugeuzia ubao mgongo nikaanza kuhutubia kama niko jukwaani, mikono hewani, nawaeleza maana ya kafara, na kwamba kwenye chesi kula si lazima kama kwenye drafti, huku mtu anaachiwa ale au asile kwa akili yake mwenyewe. Ile hotuba ilichukua dakika tano hivi. Nilikuwa vizuri sana, sitasema uongo.

Nikakaa. Topalov akala ngome. Kasparov akasogeza ngome ya pili mpaka e7, cheki, yaani mfalme katishiwa, na hii nayo kaiweka mbele ya malkia mweusi bila kinga yoyote!

Babu akainua kidole. "Malkia anaila hiyo."

Nikacheka kile kicheko cha mtu anaejua jibu. Nikamwambia Babu, akila amekufa, ile kwa mkono wako mwenyewe. Akala. Nikashuka na malkia mweupe d4, cheki. Babu akamkimbiza mfalme b8. Malkia b6, cheki. Babu akaziba kwa askofu b7. "Na sasa wazee wangu," nikasema, nimefumba macho kabisa kwa raha, "farasi kutoka a5 anaruka c6, cheki, mfalme anaingia kona ya a8, malkia a7 chekimeti, mfalme hana pa kukimbilia, mwisho wa habari," na mkono wangu ukaenda a5 kumchukua farasi.

Ukashika mbao.

Nikafumbua macho. a5 tupu kabisa, hakuna kitu. Nikaangalia chini ya ubao, chini ya benchi, kwenye kandambili za Babu. Hakuna. Na bila yule farasi shambulizi lote ni maji ya moto, malkia mweupe anapiga kelele b6 peke yake, na Kasparov kashatoa ngome mbili sadaka.

"Mjukuu, farasi yuko wapi?"

"Alikuwepo hapa Babu."

"Mimi namuona Kasparov kafilisika."

Hapo akili ikaniruka, nikaokota kisoda kimoja chini, cha soda ya kawaida tu, nikakiweka a5. Aisee. Kijiwe kizima kikasimama. Nilisema watainuka kwa mshangao, basi waliinuka, ila kwa kuniita mwizi. "Anaongeza kete!" "Ndo akili yenyewe hiyo ya chesi!" Muuza kahawa, mtu niliemkopesha juzi tu, nae kasimama anaomba nikaguliwe mifuko. Jitihada za kujieleza kwamba yule farasi alikuwepo tangu hatua ya 18 hazikusikika hata kidogo, na nikaanza kuhesabu vikombe.

Kahawa ikamiminwa, kashata zikapita, na mimi nikiwa nimeinamisha kichwa ndo nikaona ubao wa pili, wa wale vijana wawili waliokuwa wanacheza drafti ubavuni kwetu. Katikati ya visoda vyao kuna kimoja cheupe, cheupe cha Tip-Ex, na juu yake kimebebeshwa kisoda kingine. Kete yao moja ilidondokea mtaroni wakati nahutubia, wakaona kuna kisoda kimekaa pembeni hakina kazi, wakaazima. Farasi wa Kasparov ameshafika mwisho, kavalishwa ukingi, na kwa macho yangu akafyeka kete tatu mkupuo mmoja.

Nikawaomba kwa adabu wanirudishie. Yule anaeshinda akanambia bro subiri tumalize, huyu ndo kabeba gemu.

Basi nikasubiri. Gemu halisi nikawamalizia kwa mdomo tu, kwamba Topalov hakumla ngome wa e7, mfalme wake akapanda b6, akamla farasi pale a5, akaenda a4, akafukuzwa ubao mzima mpaka d1 kwenye nyumba ya mweupe, na baada ya hatua ya 44 Topalov akasalimu amri. Hakuna alienisikiliza. Isipokuwa Babu, ambae alikuwa kimya muda wote anarudisha kete zangu mahali pake moja moja, hadi pale ngome ilipokula d4.

"Ulisema kula si lazima?"

"Si lazima Babu."

Akamchukua mfalme mweusi, hakugusa ngome, akamsogeza b6 taratibu. Nikaishiwa pozi. Hiyo ndo hatua waliyokuja kuiona wachambuzi baadae, b6 bila kula, na Topalov anakuwa hana shida yoyote. Nikamuuliza Babu umeonaje hiyo, akanambia huyo mtu anaegawa ngome bure hivyo humuulizi kwanza kwa nini?

Halafu akanyoosha kikombe kwa muuza kahawa, kimoja tena, kwenye hesabu yangu.