Kutengana si Kuachana

Mke akishafungasha virago na kurudi kwao, majirani husema wameachana, na mara nyingi wanandoa wenyewe huamini hivyo. Kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, ndoa hiyo bado ipo. Kutengana, kuwe kwa hiari au kwa amri ya mahakama, hakuvunji ndoa. Hata kukidumu miaka 3, mbele ya hakimu huwa ni ushahidi tu kwamba ndoa imeharibika kiasi cha kutorekebishika, na talaka bado inapaswa kuombwa.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu wanaoumizwa zaidi na kutolijua ni wanawake. Mke aliyewapikia mafundi na kuchota maji ya kufyatulia matofali, kisha akaondoka na sanduku moja, hudhani amepoteza nyumba kwa sababu hati ina jina la mume. Sivyo. Nyumba ya ndoa haipaswi kuuzwa wala kuwekwa rehani bila ridhaa yake, naye anaweza kuweka zuio kwa msajili wa hati. Tena, tangu Mahakama ya Rufani ilipoamua shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu mwaka 1983, kazi za nyumbani zinahesabiwa kuwa mchango katika mali ya ndoa, ingawa Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, jambo ambalo bado linanisikitisha.

Hata hivyo, mali hizo mahakama huzigawa inapotoa amri ya kutengana au ya talaka. Ndiyo maana siafikiani kabisa na wazee na viongozi wa dini wanaomwambia mwanamke akae kwao kwanza, mambo yatatulia, kisha miaka inapita bila shauri kufikishwa kwenye baraza la usuluhishi, ambalo kwa kawaida ni lazima lithibitishe kushindwa kuwapatanisha kabla talaka haijaombwa. Wakati huo mume ameshampangisha mtu nyumba na kodi anakula peke yake.

Na mume akifariki kabla ya talaka, mke huyo ni mjane. Ndugu wakimwacha nje ya muhtasari wa kikao cha ukoo kana kwamba hakuwahi kuolewa, aende na cheti chake cha ndoa kwenye mahakama ilikofunguliwa mirathi, akaweke pingamizi.